Vya Enzi ya Padri Tu

Umma wa Karatu unatangaziwa kwamba nyumba ya Padri Alfonsi, kule Qurus, sasa ni makumbusho, na kwamba chochote kisicho cha enzi yake kitatolewa nje ya uzio kabla mgeni rasmi hajawasili.

Mwongozo huo aliuandika Mkurugenzi Hilary mwenyewe, na kila akiusoma aliuona mtamu kuliko mahubiri. Kilichomkera ni Lusia. Bibi huyo alizaliwa katika jiko la padri, mama yake akiwa mpishi, na hakuwa na pengine pa kulala. Hilary alilitaka jiko liwe ofisi yake. Kiti cha kuzunguka alikwisha kukiingiza.

"Bibi, mimi sina neno na wewe," alisema kwa upole wa kiserikali. "Sheria ni msumeno."

"Haya, nikateni," Lusia alijibu, akageuza makande. Alikuwa anaogopa.

Hilary akamwita Parmuat, mlinzi kutoka Endulen, akamwagiza ahakiki umri wa kila kilichomo ndani. Ahakiki vipi, hakusema. Parmuat akatumia kalenda anayoiamini, yaani marika ya Kimaasai, kila rika na zamu yake ya umorani.

"Padri aliondoka wakati rika la Seuri ni morani," alisema, akamgeukia Lusia kwa heshima ya mama. "Yeyo, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nampigia pasi kanzu."

"Yeyo anabaki." Akakibeba kiti cha kuzunguka hadi nje, akarudi. "Na wewe bosi, rika gani?"

"Mimi ni msimamizi wa mwongozo."

"Seuri wakiwa morani, mama yako alikuwa hajaolewa. Twende, bosi."

Hilary alifikiria kugoma. Lakini kugoma ni kukiuka mwongozo, na sahihi ilikuwa yake. Akatoka kakumbatia mkoba. Parmuat naye akajitoa, akafunga lango.

Mgeni rasmi alipofika aliulizwa rika, akapungua, akabaki nje. Wakapungua pia mpiga picha, kwaya ya vijana na keki. Hotuba ikasomwa barabarani, bodaboda zikiitimulia vumbi, ikimpongeza Hilary kwa uzingatiaji uliotukuka.

Likabaki suala la utepe. Aliyekidhi vigezo alikuwa mmoja tu. Lusia akaukata kutokea ndani, kwa kisu cha kumenyea viazi, akawatazama waheshimiwa waliojipanga nje.

"Karibuni kwangu," alisema. "Vueni viatu, nimedeki."

Mkurugenzi Hilary akawa wa kwanza kuinama.