Mafuta ya Silinda ya Chini

Jumatatu, 3 Juni 2024
Ukungu. Kifua kinakoroma. Padre amenipaka mafuta ya wagonjwa, akauliza kama kuna dhambi niliyoisahau. Sijaisahau hata moja.

Nakiri hapa kwanza. Miaka mitano iliyopita injini yangu ya ndege, silinda tano zilizopangwa duara, za kupozwa na upepo, ilivunjika mbele ya nusu ya Karatu. Nikasema konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, aliyoichonga fundi Modest ilikuwa chuma kibovu. Wateja wakamkimbia. Uongo! Injini hiyo ikikaa bila kuwashwa, mafuta hushuka kwenye silinda ya chini. Usipoyatoa kabla ya kuwasha, pistoni inayagonga, hayabanwi, konrodi inavunjika. Sikuyatoa. Mimi, mwalimu wa fizikia!

Jumanne, 4 Juni
Nimemwandikia Modest barua ya kukiri. Nzuri sana. Ipo chini ya mto. Kwanza anichongee konrodi mpya. Mtu akiujua ukweli mkono hutetemeka. Hii ni busara, si woga.

Alhamisi, 6 Juni
Modest kaja na konrodi, bila kinyongo. Inaudhi. Siku hizi ananoa majembe sokoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Bado unataka kuruka? Mbona hata kushuka kitandani unashikwa mkono?"

Binti yangu Angelina kacheka mpaka akamwaga uji. Modest akasema kijijini kwao Daa bado wanamwita Chuma Kibovu. Hata mkewe, akikasirika. Nikaupapasa mto. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 7 Juni
Injini imefungwa kwenye gogo uani, mafuta yamejazwa. Kesho majirani waone, nife na heshima. Modest amenikumbusha silinda ya chini mara mbili. Mara mbili! Nimemwambia asimfundishe mwalimu.

Jumamosi, 8 Juni
Majirani kumi na wanne. Modest akanong'ona: mafuta je? Nikajibu kwa sauti kwamba yametoka. Hayakutoka. Kuinama kunaniumiza kiuno, na watu walikuwa wanatazama.

Nikabonyeza swichi. Nusu mzunguko. Paa!

Jirani yetu Lekoko, mwenye ng'ombe, akauliza, "Chuma kibovu tena?"

Wote wakamtazama Modest. Modest akanitazama mimi, muda mrefu.

Nikamwitikia Lekoko kwa kichwa.

Jumapili, 9 Juni
Sikulala. Pumzi fupi. Padre atarudi jioni. Nadhani ni mara ya mwisho.

Ile barua nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi, Angelina ameshaipeleka: Modest, nimekusamehe yote. Konrodi ijayo iwe nene kidogo.