Shahidi Wangu Mpundu

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Nchelenge. Leseni yangu haijamaliza hata mwezi, tayari nimeandikiwa kosa! Mesenja wa boma, askari wa serikali, alijificha kwenye mihogo pale Kafutuma, ati nilipita mbio. Mbio gani? Lori la bosi wangu, ba Davison, likijaa samaki linakohoa hata kwenye mteremko. Ba Davison mwenyewe akasema kubali kosa, Chabu, faini nitalipa mimi, yaishe. Awe, hapana! Mutu mzima nikubali? Ackson, anayeosha lori na kuutamani usukani wangu, alisikia akatabasamu. Basi nakwenda kortini.

Jumanne, 4
Muke wangu Febby amekasirika. Mimba imefika mwezi wa mwisho, na ba Davison ameahidi lori limpeleke hospitali ya misheni. Tumeshazika watoto wawili, wote walizaliwa hapa nyumbani. Anauliza nikinyang'anywa leseni nani atamwendesha. Nikamwambia atulie, nina shahidi. Mpundu alikaa kando yangu siku ile, aliona kila kitu. Tena ni mutani wangu: mimi ukoo wa Mamba, yeye ukoo wa Samaki. Tunatukanana tangu utoto, na hakuna ruhusa ya kununa. Mutu kama huyo hawezi kunitupa.

Ijumaa, 7
Yangu we! Hakimu muzungu akamwuliza Mpundu aliona nini. Mpundu akanitazama, mdomo ukamwasha. Akasema huyu Mamba haoni mbele, macho yamemwotea utosini. Siku ile alikimbiza lori kama mwizi wa kuku. Leseni yenyewe alimwibia kipofu! Watu wakacheka, hata mesenja. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Muzungu hakucheka. Aliandika. Akaniuliza kama ni kweli. Sasa nifanyeje? Mutani wako akikutukana mbele za watu hubishi, unamjibu! Nikasema kweli kabisa, na huyu Samaki ndiye aliyenionyesha njia, naye akiwa amelewa chakari. Korti nzima ikapiga makofi. Leseni imechukuliwa, mwaka mzima.

Nje Mpundu alilia, akasema hakujua wazungu hawana watani. Nilimsamehe. Yalikuwa matusi mazuri sana.

Jumapili, 9
Uchungu umemshika Febby alfajiri. Ackson ndiye aliyeshika usukani. Nilimwomba anipakie, akasema hakuna nafasi. Febby hakunitazama. Nilibaki barabarani na ndoo ya maji mkononi, naogopa kaburi la tatu. Nimelia. Sikula kitu.

Jumatano, 12
Mutoto yuko hai! Wa kiume! Mama mkwe, ba Matildah, ndiye aliyeleta habari, amesimama mlangoni, kiti amekikataa. Alizaliwa njiani, juu ya magunia ya samaki, Ackson akishika taa. Wamempa jina Ackson. Kutoka misheni Febby amekwenda kwao Chienge, harudi mpaka nipate akili. Ackson! Jina la muosha magari!

Jumamosi, 15
Nimeazima pikapu ya jirani yangu Mukuka nimfuate Febby. Pale Kafutuma, mesenja yuleyule! Akanirudisha nyumbani, ati naendesha bila leseni. Akaniambia kwa upole nikubali kosa, hakimu atanihurumia, nikibisha ni jela. Nikubali? Baba anakwenda kumwona mutoto wake, hilo nalo kosa? Kesi hii nashinda mchana kweupe. Mpundu alikuwa ndani ya pikapu, aliona yote, ameapa atanisemea vizuri zaidi. Yuko uani sasa hivi anafanya mazoezi. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.