Msimamizi wa Gati la Kwemlenda

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha kitongoji kimeisha na kichwa kinaniuma. Mama Grasiana, mwenyekiti wetu, katangaza mambo bila hata kunitazama. Kwanza, mbao za gati zimeoza. Pili, Ijumaa anakuja mkaguzi wa vyombo vya majini kutoka Korogwe, na asiporidhika, hakuna mtu kupanda boti sikukuu ya Idi. Na Ijumaa hiyohiyo wananchi watachagua msimamizi wa gati.

Watachagua! Mimi, Mustapha, nimelisimamia gati hili tangu bwawa la Kwemlenda lilipojaa maji. Filimbi ninayo mimi. Kofia ninayo mimi. Bila gati mimi ni nani? Mkulima wa mahindi kama wengine.

Anayeitaka nafasi yangu ni Deogratius, seremala. Babu yake alikuja huku kukata mkonge akitokea Unyamwezini. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, basi ni watani, na hapo ndipo penye ugonjwa. Mtani akikutukana, unacheka. Leo kasimama mbele ya kikao akasema gati limekuwa kama meno yangu, yaliyopo yanatikisika na mengi hayapo. Watu hoi. Nami nikacheka, ndiyo mila. Mke wangu Mwaija kacheka kuwapita wote, naye si mtani wa mtu. Ni mke!

Jumanne, 3 Juni

Nimepata akili. Deogratius ameranda mbao mpya za mninga kwa ajili ya msaragambo wa Alhamisi, siku kijiji kizima kitakapotoka kulitengeneza gati kwa pamoja. Zimepangwa uani kwake, zinanukia. Akizitoa mbele ya watu, uchaguzi umekwisha.

Lakini utani haumfai mtu mmoja tu. Mtani anaruhusiwa kuchukua kitu cha mtani wake mchana kweupe, na mwenye kitu hana ruhusa ya kununa. Basi nimekwenda na mkokoteni. Nimepakia mbao zote huku Joyceline, mkewe, akinitazama. Nikamwambia nachukua haki ya Wazigua. Akaniambia nisisahau ule mrefu ulio nyuma ya banda, kisha akanisaidia kusukuma mpaka barabarani. Wanyamwezi wana adabu, sikatai.

Alasiri nimezigongelea mwenyewe. Zilizooza sikuzing'oa, nimezifunika na mpya. Nani atachungulia chini? Misumari mirefu sikuwa nayo, nimetumia ya bati. Gati linang'aa!

Jumatano, 4 Juni

Mkaguzi atataka kuona majaketi okozi, yale ya kumfanya mtu aelee akianguka majini. Yapo kwangu, salama kabisa. Mwaija anayatandika kwenye viti wageni wakija. Moja limekaliwa na kuku anayeatamia, na Mwaija kasema atakayemgusa kuku wake atalala nje. Hilo lilikuwa langu. Si neno, nahodha havai jaketi. Linaficha kifua.

Nimeandika pia kibao kikubwa cha kusimamisha gatini: KABLA YA KUONDOKA KAGUA CHOMBO CHAKO. Herufi nzuri mno. Deogratius kaja, kakisoma taratibu, kakisifu. Kuhusu mbao, kimya. Aliuliza tu kasia la boti nalilaza wapi. Nikamwonyesha, mle botini chini ya turubai. Kaondoka akipiga mluzi.

Maskini, amekubali kushindwa. Nikichaguliwa nitampa cheo kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Watu wamefika msaragambo na nyundo zao, wamekuta gati jipya. Nikawaambia warudi nyumbani, kazi imekwisha. Mama Grasiana akasema ngoja kwanza alijaribu. Akakanyaga ncha hii ya ubao, ncha ile ikanyanyuka na kunipiga kidevuni.

Deogratius kang'oa zote. Katoa zilizooza moja baada ya nyingine, unga mtupu, kisha kapigilia mpya kwa misumari mirefu. Kijiji kizima kikamsaidia. Mimi nilipuliza filimbi. Wanawake wakapika makande na kila mtu akala, hata mimi kwa upande mmoja wa mdomo.

Mtu mmoja kauliza mbao nzuri namna hii zimetoka wapi. Deogratius akajibu kwamba mtani wake Mustapha ndiye aliyezileta gatini. Kweli tupu! Watu wakanipigia makofi. Nimeona aibu, nakiri. Imepita baada ya chai.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika nikiwa nimejifunika khanga ya Mwaija. Nguo zangu zote ziko kwenye kamba.

Mkaguzi ni binti anaitwa Yusra, Msambaa wa Bungu. Nikajiambia, mtu wa milimani, wa kwenye baridi na maharage, atajua nini habari za boti? Kaniamkia shikamoo vizuri. Kalikagua gati, kaingia hadi chini yake na viatu vyake, karidhika. Kahesabu majaketi niliyoyaleta kutoka nyumbani, kasoma kibao changu, karidhika zaidi. Kisha kaomba aone chombo kimoja kikitoka na kurudi.

Nikaruka botini kabla Deogratius hajafungua mdomo. Bi Yusra akauliza jaketi langu liko wapi. Nikamwambia liko kazini. Nikalisukuma gati kwa mguu, boti ikaenda vizuri mno. Watu wote ukingoni! Nikawapungia kofia. Maji yalipokuwa mengi nikaingiza mkono chini ya turubai nitoe kasia.

Nikatoa mwiko. Mwiko mkubwa wa shughuli, wa kusongea ugali wa watu wengi.

Deogratius! Kumbe alitaka nikague boti mbele ya mkaguzi, niukute mwiko nikiwa bado gatini, watu wacheke, halafu anirudishie kasia langu. Utani wa kulipizia mbao zake. Hakujua kwamba sijawahi kukagua kitu. Kwamba sijui kuogelea hajui hata Mwaija.

Nikapiga maji kwa mwiko. Boti ikazunguka. Upepo ukanichukua kuelekea kwenye matete. Nikasimama ili niite kwa heshima. Hilo lilikuwa kosa la boti. Nikaanguka, na chini hapakuwa na chini. Niliogopa. Nimeogopa mambo mengi maishani, hili liliyazidi yote.

Nikaona mkono. Deogratius kaja akiogelea, amevaa jaketi moja na jingine kalishika kwa meno. Nikamkaba shingo, akanivisha lile jaketi kichwani hivyohivyo, tukaelea pamoja mpaka boti nyingine ikatufikia. Nilingoja anitanie. Pale angesema lolote nisingejibu. Lakini alikuwa analia, mtu mzima yule.

"Mzigua wewe," alisema. "Ukifa nitamtania nani?"

Shingo yake sikuiachia mpaka tukafika gatini.

Kura zimepigwa nikiwa natiririka maji. Mikono yote kwa Deogratius. Na wa Mwaija! Nilipomuuliza, kasema yeye anataka mume aliye hai, gati wapewe wengine. Nikavua kofia, nikatoa filimbi, nikamkabidhi Mnyamwezi. Bi Yusra karuhusu boti za Idi, kwa sharti kila abiria avae jaketi. Wakati anaandika sharti hilo alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Wageni wamekuja kutoka Kabuku, Makuyuni, hata Korogwe mjini. Deogratius kanipa kazi ya kuwafunga abiria majaketi yao. Nilinuna mpaka abiria wa kwanza, kisha nikasahau kununa. Bibi mmoja kaniuliza kama mimi ndiye mkubwa wa hapa. Deogratius kasikia. Kajibu ndiyo.

Jioni kaja kwetu na Joyceline kula pilau. Kasema Wazigua wakizama ndipo hupika vizuri. Nimecheka, tena safari hii si kwa mila.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala vizuri na nimefikiri kwa utulivu. Kosa lote lilikuwa la boti. Boti inakwenda. Kitu kinachokwenda lazima kikuletee matatizo. Kinachotakiwa pale bwawani ni kitu kinachokaa.

Ukumbi! Ukumbi unaoelea katikati ya maji, wa harusi na shughuli nyingine. Mapipa chini, mbao juu, muziki, viti. Msimamizi wa gati ni Deogratius, haya, namwachia. Msimamizi wa ukumbi nitakuwa mimi. Bi Yusra hana la kusema. Nani aliwahi kuvaa jaketi okozi ukumbini?

Mapipa nimeshayafunga kwa kamba ya mkonge. Deogratius nitamwambia baadaye, atakataa tu. Kesho asubuhi nayasukuma majini na kwenda kuyajaribu peke yangu. Sina wasiwasi wowote. Deogratius siku hizi anashinda gatini, na kuogelea anajua.