Ruta ya Antena Nane

Jumatatu, 1 Agosti

Noelia kapiga simu. Anakuja! Mwezi mzima, chumbani kwake, kwenye kitanda chake cha usichana. Miaka sita tangu binti yangu ahamie Lima, na miaka yote hiyo tumemwona siku mbili mbili tu, kama mtu aliyekuja msibani. Sasa kazi yake anaifanyia popote palipo na intaneti. Akauliza, baba, nyumbani waifai ipo? Kama haipo nitalala kwa mjomba Hipólito. Nikasema ipo, tena ya nguvu, inafika mpaka uvunguni mwa kitanda.

Haipo.

Benita, mke wangu, alikuwa anakoroga supu ya Jumatatu, maana hapa Arequipa kila siku ina supu yake. Akaweka mwiko chini. Njia ya mwongo fupi, mzee wewe, akasema. Hipólito ni kaka yake. Ana ghorofa tatu za zege, nyumba ya pili kutoka hapa, na hajaacha kunitajia hizo ghorofa tangu zimalizike. Mwanangu alale kwake? Labda nife kwanza. Nina siku sita za kupata ruta ya bei nafuu.

Jumanne, 2 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Nieves, mwenye kibanda cha vifaa vya umeme nyuma ya soko la San Camilo. Tunajuana tangu enzi zangu.

Enzi zangu! Chumba cha mbele cha nyumba hii kilikuwa duka la intaneti. Kompyuta nane, miaka kumi na minne. Mtaa mzima ulipita kwangu. Mama Eufemia wa ng'ambo ya barabara alikuwa anavaa shali ya kanisani kuja kuzungumza na mwanawe aliyeko Milano, na akianza kulia sote tulinyamaza, hata wale vijana wa michezo ya vita. Noelia alifanya kazi zake za shule kwenye kompyuta ya tatu, bega kwa bega na mimi. Halafu kila mtu akaweka intaneti kwake, akajifungia nayo ndani. Kompyuta nikaziuza kwa bei ya chuma chakavu. Natamani siku zile mpaka leo.

Bi Nieves akauliza ukuta wangu ni wa nini. Jiwe jeupe la Arequipa, nikamwambia, unene hatua nzima, kalichonga babu yangu kwa mkono wake. Akacheka mpaka akashika meza. Mteja wangu, akasema, jiwe hilo halipitishi hata umbea. Dawa yake ni ruta mbili ndogo za kawaida, soli themanini kila moja, toboa ukuta, pitisha waya. Nitoboe ukuta wa babu? Nikakataa, ila nikadai nyongeza yangu kama kawaida. Akasema hujanunua kitu. Nikasimama pale pale. Akanipa betri ya saa ya ukutani ili niondoke. Nimerudi na betri, ruta sina.

Alhamisi, 4 Agosti

Bi Nieves nimempiga bao. Kuna bwana mmoja katandika turubai kwenye kona, na juu ya turubai ruta yenye antena nane. Ya Hipólito ina nne, nilizihesabu Krismasi. Soli sabini tu! Nikadai nyongeza, naye bila kinyongo akanipa antena ya tisa ya akiba. Antena ya bure! Nimetembea hadi nyumbani nimeibeba kifuani watu waione.

Ijumaa, 5 Agosti

Laini ya zamani ya duka, watu wa simu wameifungua tena. Nikaiweka ruta chumba cha mbele. Chumba cha mbele mtandao upo. Jikoni, kwa taabu. Chumbani kwa Noelia, hakuna kitu. Nikaleta antena ya tisa. Haina pa kuchomeka. Nikaifunga kwa selotepu. Hakuna kitu. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikausimamisha nyuma ya ruta ili uusukume mtandao kuelekea chumbani. Hakuna kitu, na Benita akaja kuudai mfuniko, maana ni siku ya supu ya kamba.

Tukagombana. Akachukua kisu cha viazi, akapasua antena moja. Ndani tupu. Ya pili tupu. Katika zote nane, zenye waya ni mbili. Rahisi ghali, akasema, nawe kila mwaka unajifunza upya. Nikamwambia theluji ya Misti, volkano yetu, imempanda kichwani, kama tunavyosema hapa mtu akinuna bila sababu. Hajasema nami tangu mchana, na supu nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 7 Agosti

Amefika. Amenenepa kidogo, amependeza. Nilimkumbatia pale kituo cha mabasi nikasahau kila kitu, kisha nikakumbuka.

Hipólito akaja kula bila kualikwa. Akaitazama ruta. Shemeji, akasema, hiyo ni ruta au buibui? Noelia akaenda kufungua laptopu chumbani. Akatoka ameiinua kama trei ya vinywaji, akapita nayo korido, akapita uani, akapita jikoni, akaishia chumba cha mbele. Aliporudi mezani akaniuliza taratibu, baba, ulisema mpaka uvunguni mwa kitanda? Hipólito akacheka mpaka supu ikampalia. Mwanangu, akamwambia, njoo kwa mjomba, ghorofa ya tatu, jua asubuhi na mtandao masaa yote. Noelia akasema atafikiria. Mimi nilitazama sahani. Nilitaka kulia, na kwa kuwa hapa hasomi mtu, naandika kwamba nililia kidogo, uani.

Jumatatu, 8 Agosti

Asubuhi nikasikia kitu kinaburuzwa koridoni. Begi lake, nikasema, kwisha habari. Nikatoka. Kumbe anaburuza meza. Kaiweka chumba cha mbele, kando ya ruta, pale pale ilipokuwa kompyuta ya tatu. Akasema ruta hii mbovu, baba, ila nikikaa karibu nayo inanitosha. Kwani hapa sijapazoea?

Nimekaa naye siku nzima. Nilijifanya natengeneza saa. Akiongea na wakubwa zake nanyamaza, akimaliza ananisengenyea mmoja mmoja. Benita kaleta supu humo humo, na ameanza kusema nami. Mchana Mama Eufemia kachungulia mlangoni, kauliza, don Eleuterio, umefungua tena? Noelia akamkaribisha, akampigia mwanawe wa Milano. Mama Eufemia akalia. Sote tukanyamaza. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi namna hii.

Jumatano, 10 Agosti

Hipólito kapita. Kasimama mlangoni mikono mfukoni. Masikini mtoto wa watu, akasema, anafanyia kazi mlangoni kama karani wa posta, kisa baba yake kashindwa na ruta.

Kashindwa nani? Nimekwenda kwa Bi Nieves mbio mbio. Nimenunua zile ruta mbili ndogo na waya. Keekee nimeazima kwa fundi bomba.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimetoboa ukuta wa babu. Saa tano nzima. Vumbi jeupe mpaka kwenye supu. Noelia akasema, baba, acha bwana, mimi pale nilipo naona raha. Nikamwambia hajui anachosema. Benita akasema mwache, sikio la kufa halisikii dawa. Babu nimemwomba radhi kwa sauti.

Mtandao chumbani umejaa. Nililala kifudifudi nikapima uvunguni mwa kitanda, umejaa. Nikiwa huko huko uvunguni nikampigia Hipólito kwa waifai, picha na sauti. Alikata. Ushindi!

Jumanne, 16 Agosti

Sikukuu ya mji imekwisha. Noelia yuko chumbani kwake tangu saa mbili asubuhi, kafunga mlango kwa sababu ya mikutano. Jana hivyo hivyo, maana Lima haikuwa sikukuu. Hajalalamika hata mara moja, mtandao safi kabisa. Supu Benita anampelekea. Mama Eufemia alikuja na shali yake, akaona meza tupu, akasema basi atarudi siku nyingine. Mimi niko chumba cha mbele. Kimya sana humu. Nimemwandikia Noelia ujumbe kumuuliza hali, akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nimemkumbuka kama vile bado yuko Lima, na kati yetu ni korido tu.

Nimekaa nikawaza vizuri, na kosa nimeliona. Jikoni mtandao bado dhaifu. Ukiwa mkali jikoni, mtoto atatoka akae nasi. Kesho asubuhi naenda kwa Bi Nieves kununua ruta ya tatu.