Taa Nyekundu ya Diski ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Taa nyekundu! Kisanduku chetu cha kuhifadhia picha na video, pale sebuleni kando ya televisheni, kina diski mbili zenye vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Taa ya diski ya pili imewaka nyekundu. Mke wangu kauliza kuna nini. Nikamwambia ni mapambo. Jumamosi mama mkwe anakuja kusikiliza sauti ya marehemu baba mkwe akisimulia alivyomposa. Rekodi ni moja tu duniani, nayo imo humo. Hofu? Hata! Damu inanichemka kwa raha. Hatimaye kazi ya kunifaa!

Jumanne, 5 Machi

Kaka wa mke wangu kapita. Fundi kompyuta, mjuaji namba moja. Nilimwona dirishani, nikawahi kukigeuza kisanduku taa zitazame ukutani. Hakuona kitu! Akasema nikipata tatizo nisiguse, nimwite. Nimwite shemeji, anisimange mbele ya mama yake mpaka kiama? Thubutu! Alipoondoka tu, mbio dukani. Nimerudi na diski mpya chini ya shati.

Jumatano, 6 Machi

Mke kaenda kazini. Kifuniko kiko juu, kazi rahisi. Nikahesabu kutoka kushoto: ya kwanza, ya pili. Nikachomoa ya pili, nikapachika mpya. Dakika mbili! Kisha piii, piii, piii. Nikafungua simu nitazame picha za kisandukuni: hakuna faili hata moja. Nikachungulia taa upande wa ukutani, ndipo nikaelewa. Kisanduku kimenipa mgongo tangu jana, kushoto kwangu ni kulia kwake! Nimechomoa diski nzima, nikaacha mgonjwa. Nikairudisha nzima haraka. Kisanduku kikadai hakiitambui, kikauliza kama kiifute. Hapana! Nimeificha kabatini. Leo nimeogopa kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Matumaini mapya! Kuna mtu mtandaoni anaapa kwamba diski mgonjwa huponea kwenye friza. Nimeifunga ndani ya mfuko, nikailaza juu ya nyama.

Ijumaa, 8 Machi

Mke kafuata nyama, kakutana na diski. Akampigia kaka yake. Shemeji akaitaka ile nzima, akaiunganisha na kompyuta yake. Jioni sauti ya mzee ikajaa sebuleni. Nililia. Nikasingizia vumbi. Shemeji kaweka diski mbili zenye afya, kazijaza vitu vilevile zote, kisha kaniomba kwa heshima ya mama yake nisizisogelee.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kasikiliza mara tatu. Alicheka pale marehemu anapokiri kwamba alikwenda kuposa na viatu vya kuazima, kisha akalia kimya. Akamshika shemeji mikono yote miwili, akamwombea baraka ndefu. Mimi nikasifiwa kwa kupanga viti.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka na akili inayowaka! Nimezikagua diski zote mbili. Picha zilezile. Video zilezile. Sauti ya mzee, ileile, mara mbili! Ufujaji ulioje! Nimechomoa moja, nimeifuta, nimeijaza mechi zangu za misimu minne, na nafasi bado tele. Shemeji, na ufundi wake wote, hakuliona hilo.