Somo wa Mwanangu

Jumatano, 1 Juni 1904. Songea.
Mtoto ametimiza siku saba leo. Wa kiume! Sauti kama baragumu la askari. Nimempa jina Salum, jina la nyapara anayetusimamia kujenga ukuta wa boma. Akili hiyo! Kwetu Namasakata somo humtunza mtoto aliyepewa jina lake, na baba wa mtoto hasahauliwi. Miezi minane nabeba mawe toka mtoni. Nataka kazi ya kulinda majembe, kivulini. Nyapara kafurahi, kaleta kaniki mpya ya mtoto. Biasha, mke wangu, alitaka jina la baba yake, mzee Bakili. Nikamwambia mzee Bakili hana kivuli cha kunigawia.

Ijumaa, 3 Juni.
Balaa! Kibanda chetu kiko hatua chache tu toka ukutani. Asubuhi Biasha kapaza sauti: "Salum, umejinyea tena! Salum, huna haya, na kaniki mpya hii!" Wabeba mawe wote wakatua mizigo, wakacheka mpaka wakakaa chini. Hamisi, mdomo wake haufungwi, kamuuliza nyapara kama aletewe maji ya kunawa. Nyapara hakucheka. Kanichagulia jiwe yeye mwenyewe. Ukubwa wa ndama.
Jioni Biasha kasema anajutia jina. Kila akinyonyesha anaona masharubu ya nyapara. Mimi najuta pia, hasa mgongo. Lakini jina la mkubwa halirudishwi kama chungu cha kuazima.

Jumamosi, 4 Juni.
Nimepata! Bibi Tabu, mkunga, anasema mtoto anayelia bila kukoma amelikataa jina. Huitwa majina mbele ya watu, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Kesho Jumapili, kazi hakuna. Nyapara nimemwalika ashuhudie mwenyewe, asininunie. Nitampakata mtoto mimi. Likiitwa Salum, namfinya chini ya kaniki. Likiitwa Bashiru, namlambisha asali. Bashiru ana duka la nguo na chumvi! Biasha sijamwambia. Siri ya wawili huvuja.

Jumapili, 5 Juni.
Watu walijaa. Bibi Tabu kaita: Salum! Nikafinya. Mtoto kalia mpaka kuku wakakimbia. Nyapara kainamisha kichwa. Bibi Tabu kaita: Bashiru! Nikamtia kidole cha asali mdomoni. Kanyamaza. Nikaanza kutabasamu. Kisha kapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, hata Bashiru kaziba masikio.
Nilisahau. Asubuhi nilitwanga pilipili ya mchuzi wa wageni. Kwa mkono uleule.
Biasha kamnyakua, kamweka kifuani, na kabla Bibi Tabu hajafungua mdomo kaita mwenyewe: "Bakili!" Kimya. Mtoto ananyonya tu. Mjanja mwanamke huyu! Vigelegele! Bibi Tabu kasema shauri limekwisha, mzee Bakili kapata somo.
Aliyecheza ngoma kuliko wote ni nyapara. Kaninong'oneza kuwa tangu Ijumaa hata askari wanamuuliza kama amejinyea. Kaniki katuachia. Nami nikacheza mpaka miguu ikasahau mawe. Nikambeba mwanangu, ananuka maziwa na moshi. Kipaji cha uso ni cha babu yake kabisa. Nilitaka kuhuzunika, nikashindwa.

Jumatatu, 6 Juni.
Mawe tena. Nikamkumbusha nyapara habari ya kivuli. Kasema kivuli ni cha jamaa, na sisi si jamaa tena. Lakini kwa shukrani kanipa jiwe dogo. Ukubwa wa mbuzi.
Nimejua nilipokosea. Nilichagua mtu wa mawe badala ya mtu wa chakula! Mchana nimezungumza na Remigi, mpishi wa boma, nikamwahidi jina la mtoto wa pili. Kafurahi mpaka kanipa ukoko wa wali, mnene, una mafuta. Nimeulia nyuma ya ukuta peke yangu.
Biasha bado hajui. Mtoto wa pili naye hajui.