Mada Iliyoshusha Desibeli

"Sabini na nane," nikasoma kipimo cha kelele kwenye simu, nikaandika kwenye daftari. Mstari wa tano: Spika, amekaa, hajagusia habari za mpira.

"Umenionea!" Spika akaruka kutoka benchini. Huyu ni Loserian, mwenye bucha ng'ambo ya barabara. Akitangaza maini, Ngaramtoni wanaandaa sufuria.

"Themanini na sita," nikaandika mstari wa sita.

Tangazo lilitoka redioni asubuhi. Kesho saa nne wapimaji wa kelele wanapita Engutoto, na kijiwe kitakachovuka desibeli sitini kinahamishiwa nyuma kabisa ya magodauni, wanakopita mbuzi tu. Kandida, anayetuuzia kahawa hapa mwaka wa tisa sasa, aliposikia aliweka birika chini. Ndiyo maana tulikuwa tunabashiri leo kelele za kesho.

"Jumlisha basi," akasema Kandida. "Spika themanini na sita, Digrii sabini…"

"Dada, kelele siyo magunia ya viazi," akadakia Digrii. Jina lake ni Anaeli. Amelinda geti la chuo Makumira miaka kumi na moja, akasikiliza mabishano yote ya wanafunzi. "Wawili wakipiga kelele sawasawa, mashine inapanda tatu tu."

"Tatu?" Spika akatoa macho.

"Tatu tu."

"Yaani mimi nikipayuka, na wewe ukapayuka juu yangu, hiyo ya kwako ni tatu?"

"Ndiyo sayansi, ndugu yangu."

"Oya! Kumbe tulikuwa tunajibana bure!"

Wakapayuka pamoja kuhakiki. Mbwa wa duka la mabati akahama. Themanini na tisa.

"Umeona? Tatu!" Digrii akacheka mpaka machozi.

"Mnaning'oa hapa kwa midomo yenu!" Kandida akagonga trei.

Nikarudia mistari yangu taratibu. Namba hazikumfuata mtu, zilifuata mada. Mpira, themanini na nane. Siasa, themanini na mbili. Mama mkwe wa Digrii, sitini na saba, maana Digrii hutazama nyuma kwanza.

"Tutafute mada ya chini ya sitini," nikasema.

Tukajaribu dawa ya presha. Sabini na nne. Kila mmoja ana majani ya kwao. Tukajaribu mvua. Sabini na moja.

Kandida, akifuta vikombe, akauliza tu: "Msaragambo wa kujitolea kuzibua mtaro Jumamosi, nimwandike nani?"

Digrii akachungulia kikombe chake kana kwamba kuna barua ndani. Spika akaukagua Mlima Meru kama vile umesogezwa jana.

"Arobaini na moja!" nikanong'ona.

"Tumepona!" Kandida akageuka kutumiminia kahawa ya ushindi. Alipogeuka tena, Digrii alikuwa amekumbuka zamu yake, na Spika alikuwa katikati ya barabara, anavuka kwa ncha za vidole.

Kandida akatazama vikombe vitatu vinavyofuka moshi.

"Kimya nimekipata. Sasa kahawa nimuuzie nani?"

Nikachora safu mpya: waliobaki. Nikaandika moja. Kandida naye akachukua kalamu yangu, akaniandika jina kwenye orodha ya msaragambo.

"Kesho njoo saa kumi na mbili alfajiri, kaka," akasema. "Tutafute mada inayomfunga mtu mdomo, lakini makalio inayaacha kwenye benchi."